Kipanga, Mbung'o na Kasoro ya Fasili

Kumfasili kipanga kuwa ni nzi mkubwa anyonyaye damu ni kumwacha msomaji njia panda. Kwanza, fasili hiyo yamfaa mbung'o vilevile. Pili, yawatenga vipanga madume, ambao hawanyonyi damu bali maji matamu ya maua.

Wanazuolojia huwaweka vipanga katika familia ya Tabanidae, yenye spishi zaidi ya 4,000. Humo, jenasi ya Tabanus, iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1758, hutengwa na Chrysops, iliyopewa jina na Meigen mwaka 1803. Chrysops kwa kawaida ni wadogo zaidi, wenye vipapasio virefu na mabaka meusi mabawani. Mbung'o ni wa familia nyingine, Glossinidae. Atuapo, hulaza bawa juu ya bawa kama makasi yaliyofumbwa. Mabawa ya kipanga hayafunikani hivyo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Vimelea vya nagana ya ng'ombe hukua mwilini mwa mbung'o. Vile vya surra, maradhi ya ngamia, hubebwa tu mdomoni mwa vipanga na nzi wengine waumao. Ndiyo maana ngamia wa kaskazini ya Kenya huugua hata pasipo na mbung'o. Fasili iwachanganyayo wadudu hawa humpotosha mfugaji na mwalimu wake pia.

Kamusi si kitabu cha zuolojia, wala mtunzi wake hadaiwi hesabu ya spishi. Adaiwa alama moja itenganishayo. Na hapa, mabawa yangetosha.