Soirée Pyjama: Nani Tunamuweka Katikati?



Mdogo wangu alipofaulu Examen d'État, aliomba jambo moja tu: soirée pyjama kwetu nyumbani, wasichana wanane, usiku mmoja. Mama alikubali na sharti lake: "Yaya yenu atalala na ninyi mu salon." Njo vile nilijikuta, na miaka yangu 28, nimelala juu ya mkeka katikati ya mito na vernis ya kucha, nikiangalia michezo ya watoto sawa mtu anayeangalia shamba la jirani: anakaa kimya, lakini anahesabu.

Nilitoka pale na maoni, na ninayaleta hapa kwa sababu wengi wetu tuko bayaya, tuko bashangazi, ao tunasimamia vijana kanisani. Hizi soirée zimeingia mjini Bukavu na hazitatoka. Wengine wanabishana kama ni desturi ya wazungu ao hapana. Kwa mimi, ubishi huo hautufikishi fasi. Swali langu ni hili: mchezo wenyewe unafanya nini na mtu anayeucheza? Ukimaliza, nani amelipa furaha ya wengine?

Programu yao ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya cahier: Uno, Action ou vérité, Loup-garou, kisha filamu kama courant itakuwepo.

Uno sitaisemea sana. Karata hizi zilibuniwa Marekani mwaka 1971, na kazi yao wanaifanya vizuri. Msichana mwenye haya anaweza kucheza saa nzima bila kusema kitu kuhusu maisha yake, na bado akashinda. Akikupiga na karata ya kuchota nne, unalalamika juu ya karata. Aliyeshindwa anaomba tu warudilie. Walicheka sana, wakapigiana kelele, na hakuna aliyetoka pale amepunguka.

Kisha wakaleta chupa.

Action ou vérité mnaijua wote. Chupa inazunguka, mdomo wake ukikuelekea unachagua: ujibu swali kwa ukweli, ao ufanye kitendo watakachokuamuru. Watu wengi wanadhani ni kitu kipya cha kwenye telefone. Hapana, ni mzee sana. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18, tayari kulikuwa na mchezo wa Krismasi wa namna hiyo: mmoja anakuwa mkuu, wengine wanakuwa raia wake, na raia anayekataa kujibu analipa faini ao anapakwa masizi usoni. Nilipojua hilo nilielewa mchezo vizuri zaidi. Wale wa zamani hawakuficha kitu: kuko mkuu na kuko raia. Sisi tumeweka chupa pahali pa mkuu, tukajidanganya kwamba wote tuko sawa mbele yake. Lakini chupa haiulizi maswali. Anayeuliza ni msichana mwenye sauti kubwa, na anayejibu kwa ukweli ni yule anayetaka sana kupendwa.

Ninajua juu nilikuwa yule. Nilipokuwa mwanafunzi ku home ya wasichana, mwaka wa kwanza, chupa ilinielekea. Waliniuliza: "Kitu gani unaonea haya?" Wengine kabla yangu walikuwa wamejibu vitu vyepesi, kama kukoroma. Mimi, mtoto wa kijijini, nilifikiri ukweli ni ukweli. Nikasema kwamba sina pesa ya kununua vitambaa vya hedhi vya dukani, natumia vipande vya kikwembe cha zamani cha mama. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akacheka. Siku ya kwanza ya juma, auditoire nzima ilijua. Waliniita Kikwembe mpaka mwaka wa tatu. Kuko bavulana walioniita vile bila kujua jina limetoka wapi.

Sisemi wale wenzangu walikuwa wabaya. Wengine ni marafiki zangu mpaka leo. Ninasema mchezo ulifanya kazi kama ulivyotengenezwa. Unachukua siri, unaigeuza kuwa kicheko, na hauna kanuni hata moja ya kuirudisha. Mpira ukiisha, mnarudisha mpira. Action ou vérité ikiisha, siri inabaki kwa watu saba. Na leo kuko telefone. "Action" ya kucheza ngoma na nguo ya kulalia, iliyofanywa mbele ya marafiki, inaweza kuamka asubuhi mu vikundi vya WhatsApp vya watu wasiokujua.

Usiku ule kwetu, nilipoona maswali yanaanza kushuka chini, niliomba na mimi nizungushe chupa. Nikauliza: "Kitu gani unakijua kufanya ambacho wengine hapa hawakijui?" Mmoja alisema anajua kutengeneza tairi ya piki-piki. Mwingine alisema anajua kusema Kilega na bibi yake tu, kwa telefone. Mchezo uleule, chupa ileile. Kwa hiyo siwezi kuuhukumu wote. Lakini mchezo unaohitaji mtu mzima akae pembeni ndipo usiumize mtu, huo una kasoro mu kanuni zake.

Sasa Loup-garou. Hapa nitakaa kidogo, juu huu ni mchezo wenye akili kweli, na ndiyo ulinisumbua zaidi.

Asili yake ni mchezo ulioitwa Mafia. Dmitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia, aliubuni Moscow mwaka 1986. Wazo lake ni safi: wachache wenye habari wanapambana na wengi wasio na habari. Toleo la Kifaransa ambalo watoto wetu wanalijua, la kijiji cha Thiercelieux, lilitoka mwaka 2001. Mwongozaji anasema kijiji kinalala, wote wanafunga macho. Loup-garou wanafungua macho, wanachagua wa kumla. Asubuhi mwongozaji anatangaza nani amekufa, na kijiji kinaanza kushitakiana. Wanapiga kura, mmoja anatolewa. Usiku unarudi.

Unafundisha kusikiliza, kutetea hoja, kutambua uongo. Hata karata hauhitaji kununua, vipande vya karatasi vinatosha. Kama mngeniuliza kabla ya usiku ule, ningesema ndio mchezo bora wa soirée.

Mdogo wangu alikuwa mwongozaji. Alizima taa, akatumia sauti nzito: kijiji kimelala, wabaya wameingia, asubuhi tunakuta nyumba moja hawajaamka. Kati ya wale wasichana kulikuwa mmoja aliyefika Bukavu miaka mitatu iliyopita, kwa shangazi yake, kutoka kijiji ambacho watu waliingia kweli usiku. Hakulia. Alisimama polepole, akavuta kikwembe chake mabegani, akaenda kukaa ku kizingiti cha jikoni. Nilimfuata. Akaniambia: "Yaya, miye sina makosa nabo. Bo banacheza tu. Lakini kwetu, ile usiku haikukuwa mchezo."

Mu salon wenzake waliendelea bila kujua kitu. Na ile niliyosikia kutoka jikoni nayo ilinishitua. Walikuwa wanamshitaki msichana mnyamavu. Ushahidi wao: "Anacheka kidogo." "Macho yake iko mwekundu." "Tangu mwanzo hasemi kitu." Bandugu, ushahidi huo tunaujua. Ndio huohuo unaotumiwa mu mitaa yetu kumwita bibi kizee mchawi, ao kumfukuza mtoto nyumbani. Sheria ya nchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Ikiwa ilibidi kuandika sheria, maana yake jambo lipo. Mchezo uliotoka Moscow ulitua mu salon yetu na ukakuta udongo tayari umelimwa. Sisi wa agronomia tunafundishwa mapema: usisifu mbegu kabla ya kuuliza udongo.

Halafu courant ikaenda. Kawaida tungesikitika. Usiku ule nilishukuru.

Tuliwasha mshumaa, na bila programu yoyote mmoja akaanza kitendawili. Akasema: "Kuko mugeni kwetu, anakuyaka bila kubisha, anaendaka bila kuaga." Wote pamoja: "Courant!" Basi wakaanza kutunga vya kwao, juu ya walimu, juu ya deni la dukani, juu ya taxi-moto. Yule wa ku kizingiti alirudi kidogo kidogo, kwanza mlangoni, kisha ku mkeka. Alitunga kimoja kigumu juu ya ziwa, hakuna aliyekipata. Ilibidi tumpe mji, kama wazee walivyofanya. Alichagua Paris, wakamzomea, wakamwambia achague pahali pengine pasipo na baridi. Alicheka.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu wakaingia mu parcelle kucheza nzango. Mistari miwili inaangaliana. Mmoja wa huku na mmoja wa kule wanaruka, wanapiga makofi na wimbo, kisha kwa pigo moja kila mtu anatupa mguu mbele. Upande mmoja unapata pointi miguu ikilingana, upande mwingine ikipishana. Hakuna kifaa, hakuna pesa. Wasichana wa Kongo zote mbili wamekua nao, na mwaka 2015 ulionyeshwa ku Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Mama yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuwaambia wapunguze kelele. Akaangalia kidogo. Akaweka mwiko juu ya dirisha, akafunga kikwembe chake vizuri, akaruka. Aliwashinda watatu.

Najua mtaniambia: Yaya, wewe unasifu vya kwetu na kulaumu vya wageni. Hapana. Uno ni ya Marekani na nimeipa alama nzuri. Na nzango ninayoikumbuka mimi haikuwa takatifu: kuko nyimbo tulitunga kumcheka msichana fulani kwa jina lake, viatu vyake, hata baba yake. Siku tulipofanya vile, nzango yetu haikuwa bora kuliko chupa. Tofauti si nchi ya kutoka. Tofauti ni kile tunachoweka katikati ya duara. Mu Uno tunaweka karata. Mu nzango tunaweka mguu. Mu kitendawili tunaweka maneno. Mu Action ou vérité na Loup-garou, tusipochunga, katikati tunaweka msichana.

Wengine watasema mchezo bila hatari hauna ladha. Nakubali kabisa. Lakini hatari ya mchezo inapaswa kuisha na mchezo. Mama yangu alihatarisha kuanguka mbele ya watoto, na hilo lilitosha kuwafanya wote wapige vigelegele.

Kwa hiyo sishauri kufuta soirée. Wasichana wetu wana fasi chache sana za kucheka pamoja bila mtu kuwauliza kama wamepika. Ninashauri mambo matatu, na nimeyajaribu. Telefone zote ziingie mu kikapu tangu mwanzo, hata ya yaya. Kila mtu awe na haki ya kusema "napita" bila kulipa kitu, na mwenye kuuliza swali alijibu yeye kwanza. Mtaona maswali yanavyobadilika haraka.

La tatu ni Loup-garou. Tuliibadilisha. Kijiji kimekuwa gala, wachezaji wamekuwa magunia ya maharagwe, na loup-garou wamekuwa panya. Usiku panya wanakula gunia moja, asubuhi tunahesabu hasara na kubishana nani ana mkia. Kanuni ni zilezile, hoja ni zilezile. Nitasema ukweli: mara ya kwanza wawili walilalamika kwamba haina tena goût, kwamba uoga umepungua. Ni kweli, umepungua. Lakini msichana akishitakiwa kuwa panya, anakoroma, anatikisa masharubu yasiyokuwepo, na wote wanacheka pamoja naye. Sijaona mtu anayefanya vile akiitwa muuaji.

Soirée ya pili ilikuwa kwa jirani, wiki tatu baadaye. Yule msichana wa kizingiti alikuja. Alipata karatasi ya panya mara mbili, na mara zote mbili alituangalia usoni akaapa yeye ni gunia safi la maharagwe. Tulimuamini. Alimaliza gala nzima.