Macho Yasiyo na Pazia: Kuitazama Tena Filamu ya Eyes of Laura Mars

Filamu ya Eyes of Laura Mars ilitolewa Marekani mwezi wa Agosti 1978. Aliyeiongoza ni Irvin Kershner. Hadithi yenyewe ilibuniwa na John Carpenter, naye David Zelag Goodman akashirikiana naye katika kuiandika kwa ajili ya sinema. Ni rahisi kuihesabu miongoni mwa filamu za upelelezi zenye mavazi mengi na maana haba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mna ndani yake swali zito juu ya jicho na picha. Kwamba filamu yenyewe ililikimbia swali hilo mwishoni. Na kwamba mtazamaji wa Bukoba au Muleba ana sababu zake za kutoliacha lipite.

Kisa ni hiki. Laura Mars, ambaye nafasi yake yachezwa na Faye Dunaway, ni mpiga picha wa mitindo mjini New York. Sifa yake imetokana na kuwapanga wanamitindo, waliovaa makoti ya manyoya na nguo za ndani za thamani, katika sura za maiti na wauaji, ili bidhaa zipate kununuliwa. Kitabu chake cha picha kinapokaribia kutolewa, anaanza kuona, kwa macho ya muuaji asiyemjua, jinsi wenzake wa kazi wanavyouawa mmoja baada ya mwingine kwa kuchomwa machoni. Kisha mpelelezi John Neville, yaani Tommy Lee Jones, anamwonyesha kwamba baadhi ya picha zake zafanana na picha za polisi za mauaji ya kweli, ambazo hazijapata kuonekana na watu.

Ufundi wa filamu hii hauna budi kusifiwa. Maono yanapomjia, Laura hupoteza uwezo wake mwenyewe wa kuona, akawa kama kipofu mbele ya kamera yake. Katika tukio moja anakimbia huku akiuona mgongo wake mwenyewe, kwa kuwa anaona kile tu akionacho anayemwinda. Picha zinazodaiwa kuwa kazi ya Laura zilipigwa na Helmut Newton na Rebecca Blake, waliokuwa wapiga picha wa kweli wa mitindo. Kwa hiyo zina uzito ambao picha za kuigiza tu zisingekuwa nao. Tukio la Columbus Circle, ambapo wanamitindo wanapigana mbele ya magari yanayowaka moto, lingali likimkaa mtu akilini.

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia. Waswahili husema kwamba macho hayana pazia, na mara nyingi methali hiyo hutumika kumwondolea lawama aliyeona asichopaswa kuona. Kwa kipimo hicho Laura hana hatia kwa maono yake, maana yalimjia bila hiari. Lakini picha zake ni jambo jingine. Kwa Kiswahili picha hupigwa. Sisemi kwamba kitenzi hiki kina ukatili ndani yake, maana twapiga pasi na twapiga simu pia. Nasema tu kwamba ni kitenzi cha tendo, nacho chadai mtendaji. Aliyeona hakutenda, aliyepiga picha alichagua mahali, mwanga, vazi na maiti. Kosa la mtunzi ni kuyachanganya mambo haya mawili, hata maono yasiyo ya hiari yakawa utetezi wa picha zilizopangwa kwa hiari.

Laura ana hoja yake: hawezi kuuzuia ukatili, lakini aweza kuwalazimisha watu wautazame. Hoja hiyo si nyepesi, nayo yafaa kupimwa kwa mambo yaliyotokea. Mwishoni mwa Oktoba 1978, filamu ikiwa haijatimiza miezi mitatu, majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ambao baada ya vita ulipewa jina la Kagera. Watu waliuawa, mali ikaporwa, daraja la Kyaka likabomolewa, na maelfu wakakimbilia kusini ya mto. Picha ya kanisa lililobomoka pale Kyaka nayo yatulazimisha kutazama. Tofauti yake na picha ya Columbus Circle si kwamba moja ni nzuri na nyingine mbaya, bali kwamba picha ya Kyaka haimwuzii mtazamaji koti. Laura asema anatuonyesha kifo, lakini jicho la mnunuzi laelekezwa kwenye vazi.

Wala ulimwengu wa mitindo haukuwa mbali na ukatili huo. Elizabeth wa Toro, mwanasheria na mwanamitindo aliyetokea katika magazeti makubwa ya mitindo miaka ya 1960, aliteuliwa na Amin kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1974, akafukuzwa mwaka huo huo kwa tuhuma za aibu alizozikanusha. Na magazeti ya Uingereza yaliyozirudia yalimlipa fidia. Hapo hapakuwa na maono ya ajabu. Sura iliyozoeleka machoni pa watu iligeuzwa kuwa chombo cha kumwangamizia heshima mwenye sura.

Filamu ilikuwa imelikaribia jambo hili, kisha ikarudi nyuma. Mwishoni twaambiwa kwamba muuaji ni Neville mwenyewe, mtu mwenye nafsi mbili. Anamwomba Laura ampige risasi, naye anampiga. Hivyo hatia yote yazikwa pamoja na mgonjwa mmoja, na picha zasalimika bila kuhojiwa. Lau Kershner angemrudisha Laura kazini siku iliyofuata, ameshika kamera mbele ya mwanamitindo aliyelazwa kama maiti, tungelazimika kuamua wenyewe kama angebonyeza kitufe. Kwa kutufungia hukumu hiyo, filamu imepungukiwa. Hata hivyo, kwa nguvu ya nusu yake ya kwanza, yastahili kutazamwa na kila ajishughulishaye na uhusiano wa neno, jicho na picha.