Pengo kati ya Kipimo na Madai katika Tathmini ya Mchezo wa Kidijitali na Zana ya Akili Unde

Mwezi Juni 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu EndeavorRx, mchezo wa kidijitali, utolewe kwa cheti cha daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la upungufu wa umakini. Hakuna mchezo uliokuwa umepata idhini ya namna hiyo kabla yake. Kinachostahili kuhojiwa si idhini yenyewe bali kipimo kilichoitangulia.

Kollins na wenzake (2020) waliwagawa watoto 348 kwa bahati nasibu. Kundi moja lilicheza mchezo huo dakika 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 4. Kundi linganishi lilicheza mchezo wa maneno. Kipimo kikuu kilikuwa jaribio la umakini linalofanywa kwenye kompyuta, na hapo EndeavorRx iliushinda mchezo wa maneno bayana. Hata hivyo, katika vipimo vya pili, yaani dalili na maisha ya kila siku kama yalivyoelezwa na wazazi na kupimwa na matabibu, makundi yote mawili yalipata nafuu na tofauti ya maana kati yao haikuonekana.

Kiutaratibu jaribio hilo halina doa kubwa, kwani kipimo kikuu kilitangazwa mapema. Udhaifu umo katika uteuzi wa kipimo hicho. Mtoto anazoezwa mbele ya skrini kuitikia alama fulani na kuipuuza nyingine, kisha anapimwa mbele ya skrini kwa kazi iliyo jirani sana na zoezi lenyewe. Mzazi hampeleki mwanawe hospitalini kwa sababu anachelewa kubonyeza kitufe. Humpeleka kwa sababu hamalizi kazi za shule na hatulii mezani. Kwa hilo, ambalo ndilo ugonjwa, ushahidi haukuutenganisha mchezo huo na mchezo wa maneno.

Pengo linalokaribiana na hilo linajitokeza katika utafiti wa Korom na wenzake (2025) uliofanyika katika vituo 15 vya Penda Health jijini Nairobi. Zana ya akili unde iliyotumia modeli ya OpenAI ilisoma kumbukumbu za mgonjwa kadiri tabibu alivyoziandika, ikamwonyesha rangi ya kijani, njano au nyekundu. Mahudhurio 39,849 yalihusishwa. Madaktari waliopitia sampuli ya kumbukumbu waliona makosa ya utambuzi wa ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Wagonjwa waliosema hawajapata nafuu walikuwa asilimia 3.8 upande wa zana na asilimia 4.3 upande wa pili, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu.

Kuzihukumu tafiti hizi mbili kwa mizani moja hakutakuwa haki. Maradhi mengi yanayofika katika vituo vya ngazi ya msingi hupona hata pasipo tiba sahihi, hivyo swali la nafuu lisingeweza kunasa faida ndogo kwa urahisi. Na dawa isiyofaa ni kosa hata kama mgonjwa amepona. Tatizo la kipimo cha Nairobi liko kwingine. Wapitiaji walisoma maandishi, hawakumwona mgonjwa. Zana inayomkumbusha tabibu kuandika kikamilifu inaweza kuiboresha kumbukumbu kabla ya kuiboresha huduma, na mpitiaji hana njia ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Lililo zito zaidi halimo katika asilimia hizo. Mwanzoni, mahudhurio yaliyoishia na alama nyekundu yalikuwa kati ya asilimia 35 na 40 katika makundi yote mawili. Yalishuka hadi asilimia 20 hivi katika kundi la zana baada tu ya uongozi kuwahimiza matabibu kwa vitendo na kuwateua wenzao wawaelekeze. Kwa hiyo kilichotathminiwa ni zana pamoja na usimamizi wake. Zahanati yenye tabibu mmoja, isiyo na wa kumfuatilia, ikinunua programu hiyo itakuwa imenunua nusu ya kile kilichopimwa, na takwimu za Nairobi haziwezi kuhamishiwa huko kabla ya nusu hiyo kupimwa peke yake.