Uso Unaosikiliza

Mwaka 2010, mwishoni mwa wimbo wake "Good Day", mwimbaji IU aliipandisha sauti mara tatu kwa pumzi moja. Alikuwa na miaka 17, na Korea Kusini ikamjua kwa koo lake. Miaka minane baadaye, katika tamthilia ya My Mister, binti huyohuyo anakaa gizani ndani ya chumba kidogo, vipokea sauti vimo masikioni, na hasemi neno. Huko kunyamaza ndiko kulikonifanya nimwamini kuwa mwigizaji.

Anaigiza Ji-an, kibarua wa ofisini mwenye miaka 21, mdaiwa anayeandamwa na mkopeshaji katili. Analipwa ili amharibie kazi mhandisi Dong-hoon (marehemu Lee Sun-kyun), naye anatega programu ya kunasa sauti kwenye simu ya mhandisi huyo. Tangu hapo anasikia kila kitu: mhandisi akihema njiani kurudi nyumbani, akinywa na ndugu zake, akinyamaza mbele ya mkewe.

Tazama muundo unaozaliwa hapo. Wahusika wawili wako pamoja katika onyesho moja huku kila mmoja yuko mahali pake. Mmoja anatoa sauti, mwingine anatoa uso. Mwongozaji Kim Won-seok, aliyefanya kazi na IU tena katika tamthilia ya When Life Gives You Tangerines ya mwaka 2025, anamnyima mwigizaji wake karibu kila nyenzo. Hakuna wa kumtazama machoni wala kumjibu. Kuna sauti tu inayoingia sikioni, na sisi tunaisoma inapomfikia: mdomo unaacha kutafuna, jicho linatulia, pumzi inakawia. Na hapa, naona, uimbaji ulimfaa kuliko mafunzo yoyote ya jukwaani. Mwimbaji ndani ya studio huishi hivyo hivyo. Yuko peke yake, sauti za wengine zinamjia masikioni, na kazi yake ni kujua wapi asubiri na wapi aingie.

Hata anapozungumza, anaibana sauti. Inatoka chini, kavu, na kila sentensi inakatwa kabla haijapata nafasi ya kupendeza. Aliyezoea kuvuta noti hadi ukumbi upige kelele anajizuia asivute hata silabi.

Halafu kuna bibi yake, mtu pekee anayempenda mwanzoni mwa hadithi, naye ni kiziwi. Siamini kuwa mwandishi Park Hae-young aliweka hilo kwa bahati tu. Mbele ya bibi, sauti iliyomjengea IU jina haina kazi. Upendo wote unapita mikononi, kwa lugha ya alama. Usiku mmoja anachukua kigari cha dukani, anampakia mwanamke huyo mzee na kumsukuma akatazame mwezi mpevu. Kwa mara ya kwanza uso wa Ji-an unalainika. Sijaona nyota wa muziki mwingine akikabidhi silaha zake zote namna hii.

Tamthilia ya Hotel del Luna ya mwaka 2019 ilimrudishia silaha hizo. Kila onyesho gauni jipya, kila pembe ya kamera inamwomba atazamwe. Anapendeza, lakini mavazi yanafanya kazi ambayo pumzi yake ingeifanya vizuri zaidi.

Ndiyo maana napenda sana onyesho moja la Broker, filamu ya mwongozaji Kore-eda iliyoonyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2022. Anaigiza So-young, mama aliyemwacha mwanawe mchanga. Usiku, katika chumba cha hoteli, taa inazimwa, naye anamshukuru kila aliyemo, mmoja mmoja, kwa kuzaliwa kwake. Katika My Mister tulipewa uso bila sauti. Hapa uso umemezwa na giza, sauti inabaki peke yake. Haipandi. Inasogea taratibu kutoka jina hadi jina, mpaka imfikie mtoto.