Kutangua, Kubatilisha, Kuondoa

Katika Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, Yesu anakana kwamba amekuja kutangua torati. Katika Warumi 3:31 Paulo anakana kwamba imani inaibatilisha sheria. Halafu Waefeso 2:15 inasema sheria ya amri imeondolewa. Kwa Kiswahili hivyo ni vitenzi vitatu. Kwa Kigiriki ni viwili, kwa sababu Warumi na Waefeso zinatumia kitenzi kimoja, katargeo: kule kinakataliwa, huku kinakubaliwa. Ninasomea tafsiri katika shahada ya uzamili, na naona hapa wafasiri wamemwokoa Paulo asionekane kujipinga, lakini wamemnyima msomaji swali.

Kwa kutangua, hata hivyo, nawapongeza. Nimekulia Kilwa Masoko, ambako hata mtoto wa Kikristo anajua yanayotengua udhu kabla hajajua Bunge linafutaje sheria. Udhu ukitenguka, kanuni ya udhu haijaguswa. Kilichoharibika ni hali ya mtu, naye atakwenda kutawadha tena. Tangua na ndugu yake tengua ni maneno ya ndoa, ya ahadi, ya mafungamano. Kama wangeandika kufuta, tungemwona karani na kifutio chake. Tena kinyume cha kutangua katika Mathayo 5:17 si kulinda. Ni kutimiliza, na aya zinazofuata zinaonyesha maana yake: amri ya kutoua inafuatwa hadi kwenye hasira iliyo moyoni.

Pwani yetu imewahi kuona sheria isiyofuatwa hadi huko. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo. Majahazi yalipokatazwa, misafara ikashika njia ya nchi kavu kuelekea kaskazini, watu wakitembezwa kwa miguu. Mwaka 1876 ikabidi Sultani atoe amri nyingine dhidi ya misafara. Hali yenyewe ya utumwa ilibaki halali Tanganyika hadi sheria ya mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mkataba ulikataza chombo, ukamwacha anayemiliki mtu.

Mwaka huohuo wa 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA alishuka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, wakatembea mpaka Masasi, wakaanzisha makazi. Steere ndiye aliyesimamia tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiunguja, mojawapo ya mizizi ya Union Version. Nakumbuka safari hiyo kila nikisoma tafsiri zetu: kwa wale waliotembea naye, sheria kuondolewa au kubaki lilikuwa jambo la miguu yao wenyewe.

Ndiyo maana Waefeso inanikera. Aya ya 14 ina neno zuri, kiambaza, ukuta unaobomolewa kati ya Wayahudi na mataifa. Aya ya 15 inaweka uadui na sheria bega kwa bega chini ya kitenzi kimoja, kuondoa. Mhubiri akiisoma peke yake, bila Warumi, ni rahisi aseme kwamba sheria ndiyo uadui, na hatua inayofuata ni kwamba mwenye kushika sheria ni adui. Kilwa na Lindi, wenye kushika sheria ni majirani zetu, wenye udhu wao, funga yao na mirathi yao.

Toleo lijalo lingeweka kubatilisha katika sehemu zote mbili, msomaji angekwama, na kukwama huko kungemfaa. Angelazimika kuuliza kilichobatilishwa ni nini: torati, au torati inapotumiwa kama kiambaza. Mimi nasoma kwamba ni hilo la pili. Nalisoma hivyo nikijua ni nani hunikaribisha futari kila mwezi wa Ramadhani.