Kichwa Bila Mwili

Binamu yangu anasoma Ujerumani. Siku moja alinitumia picha kwa simu: kifuniko cha chuma cha mtaro wa maji taka, kile cha barabarani, na juu yake kichwa cha mtu mweusi kikitazama kando. Midomo minene, nywele za kipilipili, hereni sikioni. Chini yake aliandika: "Huku wananikanyaga kila siku."

Nilicheka, halafu nikaacha.

Mji wenyewe ni Coburg, kaskazini mwa Bavaria. Kichwa hicho ndicho nembo yao: ngao ya rangi ya dhahabu, kichwa cheusi katikati, basi. Wenyeji humwita Mohr, neno la zamani la Kijerumani la kumwita mtu mweusi, ambalo leo Wajerumani wengi weusi hulisikia kama tusi. Mimi nilikuwa tayari nimeshaandika hukumu kichwani: ubaguzi, futa, twende kazi. Kisha nikasoma, na mambo yakagoma kunyooka.

Manake huyo si mtumwa, wala si kinyago cha duka la kahawa. Ni mtakatifu. Anaitwa Mauritius, au Moritz kwa Kijerumani, mlinzi wa mji huo, na kanisa lao la kale lina jina lake. Hadithi inasema alikuwa kamanda wa jeshi la Kirumi lililotoka Thebes, Misri. Mwishoni mwa karne ya 3 aliamriwa kutoa sadaka kwa miungu ya Kirumi na kuwaua Wakristo wenzake. Akakataa, askari wake wakakataa pia, wote wakachinjwa mahali ambapo leo ni Uswisi. Wanahistoria hubishana kama yalitokea hivyo. Lakini cheki kile mji ulichochagua: mtu mweusi aliyemwambia mfalme hapana.

Kuna jambo jingine. Coburg ulikuwa mji wa kwanza Ujerumani ambapo chama cha Nazi kilipata wingi wa viti katika baraza la mji, mwaka 1929. Mwaka 1934 walimtoa Mauritius kwenye nembo, wakaweka upanga wenye swastika. Mtu mweusi hakufaa kuwa uso wa mji wao. Walipoanguka mwaka 1945, akarudishwa. Kwa hiyo mwaka 2020, wakati dunia inaandamana kwa ajili ya George Floyd na ombi la mtandaoni likataka nembo ifutwe, watetezi walikuwa na jibu kali: waliomfuta mara ya kwanza mnawajua. Nembo ikabaki.

Hoja hiyo ina nguvu, nakiri. Ila inakwepa swali ambalo mhakiki yeyote angeanza nalo: mchoro wenyewe ukoje?

Nenda Magdeburg. Ndani ya kanisa kuu kuna sanamu ya Mauritius huyuhuyu, iliyochongwa katikati ya karne ya 13. Amevaa vazi la vita la minyororo mpaka kichwani, uso tu ndio umebaki wazi. Ni uso wa Mwafrika bila utata, na ni uso wa mtu fulani: ana mawazo, amechoka kidogo, ukimkuta kwa foleni ya matatu utampisha. Mchongaji alimtazama mtu.

Mchoraji wa Coburg hakumtazama mtu, alitazama aina. Vazi la vita halipo, mkuki haupo, hata mwanga wa utakatifu haupo. Kilichobaki ni vile vitu vitatu ambavyo Ulaya ilivitumia kusema "mweusi": midomo, nywele, hereni. Kamanda aliyekufa kwa msimamo wake amegeuka alama, kichwa kisicho na mwili wala jina. Hapo ndipo kosa lilipo, na halikuanza na Nazi wala kuisha nao.

Jina la nyumba ya Coburg, kwa upande mwingine, lilisafiri vizuri sana. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alizaliwa mwaka 1819 katika kasri la Rosenau, karibu na mji huo. Mwaka 1864 Samuel Baker akafika kwenye ziwa ambalo leo Uganda na Kongo wanagawana, akalibandika jina lake. Albert hakuwahi kuliona, lakini alipewa ziwa zima. Mauritius amewapa Coburg uso, na wao wakamwita kwa rangi yake.

Nilimwandikia binamu yangu haya yote, ujumbe mrefu kama insha. Akajibu kesho yake: "Sawa. Lakini mtoto anayenikodolea macho kwa basi hajasoma hayo."

Sina jibu la kumshinda, na sitafuti. Nembo haiji na maelezo pembeni, inasema kile kinachoonekana. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wasimfute, hilo lilishafanywa na watu wabaya. Wamchore upya. Wamrudishie vazi lake na mkuki wake, wamwite kwa jina lake. Na tafadhali, wamtoe kwenye vifuniko vya mitaro.