Programu Haikuwa Mbovu, Huduma Ilikaa Pabaya

Kompyuta ya dukani inatumia Linux na huingia yenyewe kwenye akaunti ya duka. Programu ya kuonyesha bei ilitakiwa ijiwashe pamoja nayo kama huduma ya systemd, lakini kila asubuhi skrini ilibaki na mandhari tupu. Ukiiita kwa mkono kwenye terminali, bei zinatokea papo hapo. Programu ilifutwa na kusakinishwa upya mara mbili, bila faida.

Jibu lilitoka kwenye amri moja: `journalctl -b -u bei.service`. Huduma ilishindwa kufungua onyesho, ikarudia, kisha systemd ikaacha kuiwasha. Ndiyo kawaida yake: huduma ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, hainyanyuliwi tena. Majaribio yote yaliisha kabla kompyuta haijaingia kwenye akaunti ya duka.

Kwenye X11, mfumo wa maonyesho wa kompyuta hiyo, programu haichori yenyewe kwenye kioo. Huomba nafasi kwa seva ya maonyesho. Inahitaji anwani, iliyo kwenye `DISPLAY` na mara nyingi ni `:0`, pamoja na ufunguo wa siri ulio kwenye faili linaloelekezwa na `XAUTHORITY`. Mtumiaji akiingia, kikao chake hupewa vyote viwili. Huduma ya mfumo, inayowashwa na root mapema, haipewi hata kimoja. Ndiyo maana kwa mkono ilikubali.

Wengi hapa huongeza `DISPLAY=:0` kwenye faili la huduma. Hiyo ni anwani bila ufunguo. Wengine huandika `xhost +`, na hapo mlango umeachwa wazi: programu yoyote inayoifikia seva hiyo inaweza kunasa hata unachobonyeza. `sleep 30` nayo ni kubahatisha. Siku kompyuta ikichelewa, tatizo linarudi.

Tulihamishia faili la huduma kwenye `~/.config/systemd/user/`, tukaondoa mistari ya `User=` na `DISPLAY`, tukaweka `After`, `PartOf` na `WantedBy` zote zikielekea `graphical-session.target`. Kisha `systemctl --user daemon-reload` na `systemctl --user enable bei.service`. Huduma sasa inasubiri kikao, inarithi anwani na ufunguo wake, na kikifungwa nayo inazimika.

Kwa hiyo programu ikikubali kwa mkono na kugoma wakati wa kuwasha, usiifute. Uliza kwanza inawashwa na nani, na saa ngapi.